Tuliwapeleka wazazi kuiona bahari, hoteli ikatuvunja moyo: nidai fedha zetu au niyaache yapite?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, kifungua mimba katika familia ya watoto watano, na ninaishi Nairobi pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililotupata mwezi wa Juni limeninyima usingizi, na kila ninayemweleza nyumbani hunipa shauri linalopingana na la mwenzake.

Wazazi wetu wanaishi Kakamega. Baba alifundisha shule ya msingi kwa miaka 33 hadi alipostaafu, naye Mama amekuwa mkulima maisha yake yote. Mwaka huu wametimiza miaka 40 ya ndoa. Katika muda wote huo hawakuwahi kuiona bahari, ingawa Baba aliwafundisha watoto wa watu kuichora kwenye ramani, na tangu nikiwa mdogo namkumbuka akituambia kwamba siku moja atakwenda pwani ayaonje maji yale ahakikishe mwenyewe kama kweli yana chumvi. Ndipo sisi watoto tukaamua kuchanga. Tulichanga kwa miezi minane, kila mtu kwa uwezo wake, tukapata shilingi 198,000, nami nikapewa jukumu la kutafuta hoteli na kuandamana nao pamoja na mdogo wangu wa kike.

Nilichagua hoteli moja ya kifahari katika ufuo wa Diani, Kaunti ya Kwale. Nililipia vyumba viwili kwa usiku nne pamoja na milo yote. Chumba chetu, cha upande wa bustani, kilikuwa shilingi 21,500 kwa usiku. Cha wazazi nilikiongezea shilingi 6,500 kila usiku ili kiwe cha ghorofa ya pili, chenye roshani inayotazama bahari. Ujumbe wa kuthibitisha hayo ninao kwenye simu hadi leo. Picha walizonitumia zilionyesha bwawa la kuogelea, ufuo mweupe usio na hata jani moja, na roshani yenye viti viwili. Nilipomwonyesha Mama picha ya viti vile alicheka, akasema kwamba hapo ndipo atakapomkalisha Baba amweleze hasa alimpendea nini.

Tulishuka treni Mombasa, tukavuka Likoni kwa feri, Mama akiwa amenishika mkono kwa nguvu safari nzima ya majini, tukafika hotelini saa kumi na moja jioni. Mhudumu wa mapokezi akatuambia kwamba hoteli imejaa kwa sababu ya watu waliokuja mkutanoni, kwamba chumba cha roshani bado kina mtu, na kwamba wazazi watahamishwa kesho yake asubuhi. Wakapelekwa kwenye chumba cha chini, nyuma kabisa, ambacho dirisha lake linatazama ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndipo lilipo jenereta. Usiku umeme ulipokatika likawashwa. Glasi ya maji ambayo Baba aliiweka mezani kwa ajili ya kumezea dawa ikawa inatetemeka na kusogea kidogo kidogo hadi Mama akaamka akaiweka sakafuni. Hivyo ndivyo walivyolala, usiku ule na ule uliofuata.

Hiyo kesho tuliyoahidiwa haikuja. Kila nilipokwenda mapokezi niliambiwa nisubiri kidogo. Jioni ya siku ya nne, nilipopandisha sauti, ndipo wakasema chumba kimepatikana, lakini Baba akakataa, akasema hana nguvu za kufunga mizigo kwa ajili ya usiku mmoja. Bwawa la kuogelea nalo lilikuwa limekaushwa, mafundi wako ndani wanabandika vigae, na hakuna aliyetudokezea habari hiyo tulipokuwa tukilipa. Ufuo wenyewe ulikuwa umejaa mwani uliorundikana na kunuka, na tulipofika mara ya kwanza maji yalikuwa yamekwenda mbali sana hata Mama akaniuliza, "Hii ndiyo bahari?" Sikuwa na la kumjibu.

Lakini lililoniumiza kuliko yote ni la siku ya pili. Baba aliamka alfajiri, akavaa koti lake la zamani na kandambili, akateremka ufuoni peke yake. Aliporudi, askari wa lango la ufuoni alimzuia akamwambia kwamba wachuuzi hawaruhusiwi kupita hapo. Baba akamwonyesha ule ukanda wa plastiki wa buluu ambao kila mgeni hufungwa mkononi. Askari akaushika mkono wake, akaugeuza, akamuuliza, "Mzee, hii umeitoa wapi?" Kisha akamsimamisha kando akiuliza kwa redio kama kuna mgeni wa namna hiyo. Mdogo wangu, aliyekuwa ngazini, anasema suruali ya Baba ilikuwa imelowa hadi magotini, na kwamba wakati amesimama pale walipita wageni wawili wa kizungu bila kuulizwa neno. Baba alimkataza mdogo wangu asiniambie. Hakuteremka tena ufuoni hadi tulipoondoka.

Siku ya kuondoka meneja alitupa kikapu cha matunda na kutuahidi punguzo la asilimia 10 tukirudi. Sasa kaka yangu anayenifuata anasema nilidanganywa na picha kwa uzembe wangu, na anataka nimrudishie shilingi 40,000 alizochanga. Mdogo wetu wa mwisho anataka tuianike hoteli hiyo mitandaoni kwa jina na picha. Mume wangu anasema kudai fedha za zawadi ni kuwaaibisha wazazi. Baba mwenyewe, nilipomgusia habari ya chumba tu, aliniambia, "Yaishe, mwanangu. Tumeiona bahari." Mama ameukata ukanda wake akauhifadhi ndani ya Biblia.

Je, Shangazi, nina haki ya kudai, na nikidai, nitakuwa nimeiharibu zawadi yenyewe?

Wako,
Kifungua Mimba, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile glasi ya maji. Pole sana. Miezi minane ya kuchanga ni mingi, na wazazi waliongoja miaka 40 hawakustahili kulazwa nyuma ya jenereta.

Jibu langu ni kwamba udai, na udai kwa maandishi wiki hii. Hata hivyo, kabla hujashika kalamu, itakubidi uyatenganishe mambo ambayo katika barua yako yamefungwa mzigo mmoja. Lipo lililofanywa na bahari, lipo lililofanywa na hoteli, na lipo lililompata baba yako peke yake. Ukiyadai yote kwa pumzi moja utapewa kikapu kingine cha matunda.

Nianze na bahari, kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa pwani na sipendi isingiziwe. Mwezi wa Juni kwetu ni kusi. Upepo huo huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, na mawimbi hung'oa majani yaliyoota kati ya ufuo na mwamba na kuyatupa nchi kavu. Mengi ya hayo mnayoyaita mwani ni nyasi za baharini, malisho ya kasa, na zikirundikana ufuoni huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Harufu yake ni mbaya kwa mgeni, sikatai, lakini hakuna meneja anayeweza kuizuia. Kuhusu maji kwenda mbali, huko ni kupwa, na inaelekea mlifika siku za bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mama alipouliza kama hiyo ndiyo bahari, jibu lilikuwa kwamba ndiyo, imetoka kidogo, itarudi baada ya saa sita. Hoteli inayowajali wageni wa bara ingeandika saa za kujaa na kupwa kwenye ubao wa mapokezi, na ingemwambia mteja wa Juni kwamba picha anazotumiwa zilipigwa wakati wa kaskazi, msimu ambao bahari hutulia. Hilo waambie kwa sentensi moja, bila kulidai fedha. Nimeona malalamiko mengi yakiharibika hapa: mtu huandika aya moja juu ya mwani na aya moja juu ya chumba, naye meneja hujibu ile ya mwani kwa ukarimu mwingi na kuipita ile ya chumba kana kwamba haikuandikwa.

Sasa chumba. Hapa huna haja ya kulia wala kubembeleza, kwa sababu hesabu inajisemea yenyewe. Ulilipa shilingi 6,500 zaidi kila usiku kwa ajili ya ghorofa ya pili na roshani inayotazama bahari, mara nne, jumla shilingi 26,000, na wazazi wako hawakuikalia roshani hiyo hata saa moja. Watakuambia kwamba siku ya nne walikupa chumba mkakataa. Usiku huo mmoja ndio pekee unaoweza kubishaniwa. Zile tatu za kwanza, yaani shilingi 19,500, hazina mjadala. Wewe dai 26,000 na ueleze kwamba mzee anayetumia dawa hawezi kuhamishwa jioni kwa ajili ya kulala usiku mmoja baada ya kuahidiwa kuhamishwa siku ya kwanza.

Zaidi ya hayo, chumba walichopewa hakikuwa hata sawa na kile chenu cha bustani. Mtu akikosa chumba cha bahari kwa sababu hoteli imepokea wageni kupita vyumba vyake, kosa ni la hoteli, nayo ndiyo inayopaswa kubeba hasara, ama kwa kumpa kilicho bora zaidi, ama kwa kumtafutia nafasi katika hoteli nyingine ya daraja hilohilo kwa gharama yake. Kumteremsha mteja hadi kwenye chumba kibaya kuliko vyote na kubaki na fedha za kile kizuri si bahati mbaya tena. Kwa kelele za jenereta, pamoja na bwawa walilojua kuwa limekaushwa wakanyamaza mlipokuwa mkilipa, mimi ningedai irudishwe bei ya usiku mmoja wa chumba cha bustani, shilingi 21,500. Jumla inakuwa shilingi 47,500. Kiasi hicho si cha kumkomoa mtu, na kila shilingi yake unaweza kuieleza mbele ya yeyote.

Usitishwe na kikapu cha matunda. Kupokea si kusamehe, na punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo ni kukutaka utumie fedha zaidi kabla ya kulipwa unachodai.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa na huduma inakataza kumwelezea mteja huduma kwa namna ya uongo au ya kupotosha. Hoteli kama hiyo hufanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na mamlaka hiyo hupokea malalamiko ya wageni. Hayo yote yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kusikiliza kesi pale Milimani mwaka 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haikulazimishi kuwa na wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Sikutumi mahakamani leo. Ninakutajia ili ujue kwamba nyuma ya barua yako kuna mlango wa kwenda, na meneja naye anaujua.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa meneja mkuu, kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Ambatisha ujumbe wa kuthibitisha chumba, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha ya dirisha lile linalotazama ukuta ikiwa mliipiga, na orodha fupi ya siku na saa ulizokwenda mapokezi. Kiini chake kinaweza kuwa hivi: "Tulilipia chumba cha ghorofa ya pili chenye roshani inayotazama bahari kwa usiku nne. Wazazi wangu walipewa chumba cha chini kando ya jenereta, wakaahidiwa kuhamishwa asubuhi ya pili, na hawakupewa nafasi hiyo hadi jioni ya siku ya nne. Bwawa la kuogelea lilikuwa limefungwa kwa ukarabati ambao hatukuarifiwa. Ninaomba kurejeshewa shilingi 47,500, kama nilivyozichanganua hapa chini, ndani ya siku 14." Usiongeze kwamba umesikitika mno, wala usitishe. Wakikujibu kwa simu, shukuru, kisha uwaandikie mliyozungumza. Wakikupa chini ya kiasi hicho, ukubali ukipenda, ila fedha za roshani zisishuke chini ya zile 19,500.

Sasa nije kwa baba yako.

Lililotokea langoni sikulitia katika barua hiyo makusudi. Zile fedha ulizilipa wewe kwa niaba ya ndugu zako, kwa hiyo madai ya chumba ni yako, na huhitaji ruhusa ya mtu kuyafuata. Lakini mkono ulioshikwa na kugeuzwa ni wa baba yako, na habari ile ni mali yake. Alimkataza mdogo wako asikuambie. Ukiichukua ukaiandika, ukaipeleka kwa meneja, au mbaya zaidi ukaiacha mitandaoni ili watu wasiomjua waione, utakuwa umemsimamisha pale langoni mara ya pili.

Hata hivyo, usilichukulie neno lake "yaishe" kuwa ndilo la mwisho. Mtu aliyesimama mbele ya darasa kwa miaka 33, akiheshimiwa na mji mzima, hajui hata aanzie wapi kusimulia kwamba alidhaniwa mwizi wa ukanda wa plastiki katika safari aliyopewa na watoto wake. Ninavyomsoma mimi, alichokuwa akikilinda ni wewe. Alijua kwamba ukijua, kila shilingi uliyoichanga itakuuma. Ndiyo maana alikuambia ameiona bahari, na jirani wakimuuliza bila shaka huwaambia ilikuwa nzuri.

Nenda Kakamega. Jambo hili halizungumzwi kwa simu wala mbele ya watoto wote watano. Mpate akiwa peke yake, umwambie kwamba unajua, na kwamba mdogo wako alikuambia kwa sababu alishindwa kulibeba peke yake. Kisha umuulize anataka nini. Akisema anataka waandikiwe, muandike pamoja, barua ya pekee isiyotaja fedha hata senti moja, kwa sababu heshima ikichanganywa na risiti huonekana kama imetiwa ili kuongeza bei. Ombeni radhi ya maandishi inayomtaja yeye kwa jina lake, na maelezo ya namna walinzi watakavyoelekezwa kuanzia sasa. Kifungu cha 27 cha Katiba hakiikatazi Serikali peke yake kubagua watu kwa misingi kama rangi; kinamkataza mtu yeyote, na hoteli imo humo. Hilo mnaweza kulitaja.

Ila nakusihi, msiombe askari yule afukuzwe kazi. Mara nyingi walinzi hao huletwa na kampuni ya ulinzi, hulipwa kidogo, na agizo wanalopewa ni kuwazuia wachuuzi wa ufuoni wasiingie. Hakuna anayewafundisha namna ya kumtambua mgeni, kwa hiyo hujifundisha wenyewe kwa kuangalia ngozi na viatu. Aliyekosea zaidi ni yule aliyelitoa agizo akaketi ofisini. Hili linanichoma, mwanangu, kwa sababu mwaka 2020, ndege za nje ziliposimama, hoteli hizihizi za pwani yetu ziliwabembeleza Wakenya waje kwa bei nafuu, na Wakenya walikuja. Mzee mwenye koti la zamani ni mgeni wa hoteli sawasawa na yeyote aliyeshuka uwanja wa ndege, na waliomlipia walichanga miezi minane.

Akisema hataki, liache kabisa, wala usilirudie hata kwa mafumbo.

Kwa kaka yako nitasema machache. Wewe hukumuuzia safari. Mlikuagiza nyote, nawe ukatekeleza kwa kadiri ya taarifa ulizopewa. Waandikie wote hesabu kamili ya kilicholipwa, na nakala ya barua ya madai, ili waone kwamba hujalala. Usitoe shilingi 40,000 mfukoni mwako, kwa sababu ukifanya hivyo utakuwa umekiri kosa la hoteli. Kitakachorudi ni cha nyote, na kabla ya kukigawanya waulizeni wazazi kama wangependa kitumiwe kwa lolote.

Mdogo wenu wa mwisho asubiri. Siku 14 zikipita bila jibu la maana, aandike maoni yake mahali ambapo wasafiri husoma, akitaja chumba mlicholipia, chumba mlichopewa, bwawa, na tarehe. Kila neno liwe lile ambalo mna ushahidi wake, bila jina la mfanyakazi yeyote wa chini na bila habari ya lango. Maoni ya namna hiyo humsaidia binti mwingine wa Vihiga au Nyeri anayechangisha ndugu zake sasa hivi.

Mume wako anaogopa kwamba kudai kutawaaibisha wazazi. Ninamwelewa, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba zawadi haihesabiwi. Lakini hutawadai wazazi, unamdai aliyechukua fedha za roshani akatoa ukuta. Mama hahitaji hata kuambiwa kiasi.

Na ikiwa siku moja mtaweza kurudi, nendeni wakati wa kaskazi, Januari au Februari, baada ya bei za sikukuu kushuka na kabla ya masika. Maji huwa yametulia na ufuo huwa safi zaidi. Si lazima iwe hoteli ya kifahari; nyumba ya wageni safi iliyo karibu na ufuo, yenye viti viwili nje, inatosha kabisa kwa yale mazungumzo ambayo Mama aliyapanga. Ulizeni mapema saa za kujaa na kupwa, mfike siku ambazo maji hujaa asubuhi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mdogo wako aliliona na nyote mkalipita. Suruali ya Baba ilikuwa imelowa hadi magotini. Utakapoketi naye Kakamega, kabla ya kumgusia lango, muulize kwanza kama aliyaonja.

Wako,
Shangazi